Sabuni Niliyoilaza Siku Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi viti vya mbele, na asifiwe zaidi na wale waliohama viti mwezi ule nilipokuwa nikinukia chipsi. Niliwaona, na sikuwalaumu. Leo nimesimama kueleza harufu ile ilitoka wapi, na jinsi Mungu alivyoniokoa kutoka kwa kitu kibaya kuliko harufu.

Mnajua kwamba chuo nilikokuwa nikifundisha hakikunipa mkataba mwingine. Nyumbani kwetu Kiamunyi tukaanza kupunguza. Tulipunguza nyama, tukapunguza safari, sukari ikawa ya wageni. Mtu mmoja tu hatukumpunguza: Mama Wanja, anayetoka Kaptembwo kila Jumanne kuja kutufulia, kwa sababu mke wangu ana shida ya mgongo. Kwamba mimi nina mgongo mzima na mikono miwili ni jambo ambalo halikutajwa na mtu yeyote. Basi nikaamua kuokoa pesa upande wa sabuni.

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu sabuni. Lakini nina simu. Nilitazama video mpaka macho yakaniuma, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoshangaa. Mnajua sabuni ni nini? Ni mafuta! Yale yale yanayochafua kola ya shati! Unayachukua, unayachanganya na kostiki, ile ya kuzibulia mabomba, ambayo ikikugusa inakuunguza. Kimoja kinachafua, kingine kinachoma, na vikikutana vinazaa kitu kinachosafisha. Nililala nikiliwaza jambo hilo na kuamka nikiliwaza. Hata leo silielewi vizuri, na bado linanifurahisha.

Mafuta niliyapata bure kwa mama mmoja anayekaanga chipsi karibu na stendi, ambaye huyamwaga yakishakuwa meusi. Nikayachuja. Nikavaa miwani ya mke wangu ya kusomea ili kulinda macho, nikachanganya kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Ndoo ikapata moto yenyewe, bila jiko! Nilipiga haleluya peke yangu, mbwa akabweka. Mchanganyiko ukaganda, na siku ya tatu nikaukata vipande vya rangi ya njano iliyokolea. Yule bwana wa kwenye video alikuwa amesema sabuni ilazwe wiki kadhaa kabla ya kutumika. Mimi nikaona hayo ni mambo ya waoga. Ilikuwa imeshakuwa ngumu. Ilikuwa inangoja nini tena?

Jumanne Mama Wanja alipofika nilimkabidhi vipande vinne kama anayekabidhi vyeti. Nikamhutubia habari za mafuta na kostiki mpaka maji yake ya moto yakapoa. Alikisugua kipande kwa kidole gumba, akakinusa, akaniangalia.

"Umetengeneza wewe, Mwalimu?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya," akasema, akainama kwenye beseni.

Ndugu zangu, ile "haya" ilikuwa na maneno mengi ndani yake, nami sikuuliza hata moja. Hapo ndipo nilipopotea.

Nguo zilitakata! Zilinuka kama kibanda cha chipsi, lakini zilitakata. Jumanne ya pili alifua tena. Jumanne ya tatu hakuja, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nikadhani anaumwa, nikaamua kumtembelea Kaptembwo, na kwa kuwa mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, nikabeba zawadi. Mmeshajua ni zawadi gani. Vipande sita!

Nilimkuta ameketi nje ya mlango wake, mikono imefungwa vitambaa vya leso kuukuu, viganja vikitazama juu kama mtu anayeomba. Kando yake jirani yake, Mama Otis, alikuwa akimenya viazi. Mama Otis akauona mfuko wangu.

"Huyu ndiye profesa wa kostiki?" akamuuliza mwenzake bila kunisalimia. "Na ameleta ingine! Mathe, ficha miguu, mikono imeshaisha!"

Mama Wanja akafungua kitambaa kimoja. Ngozi ilikuwa imebambuka katikati ya vidole, chini yake kukiwa kwekundu na kubichi. Mwanamke huyu alikuwa akifulia nyumba tano. Mikono ile ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake. Nyumba moja ilikuwa imeshapata mtu mwingine, na zile nyingine, pamoja na yetu, zilikuwa zinangoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia nini, Mwalimu? Ulikuwa umefurahi kama mtoto. Na wewe ni mtu wa kusoma. Nikasema labda ya wasomi haichomi." Kisha akauliza, "Kwani uliilaza siku ngapi?"

"Tatu."

Mama Otis akaacha kumenya. "Tatu! Hata maziwa ya mursik yanalala kushinda hiyo!"

Ndipo nikasikia yale ambayo ningeyasikia siku ya kwanza kama ningefunga mdomo. Mama Wanja alikulia Mau Narok. Nyanya yake alikuwa akipika sabuni kwa mafuta ya kondoo, anaiweka juu ya dari hadi watoto wanaisahau, kisha anagusisha kipande kwenye ncha ya ulimi. Ikiwasha, inarudi darini. "Ikikuuma ulimi itakuuma mkono," nyanya alisema. Na mwanamke aliyekua akiyaona hayo alisimama uani kwangu akisikiliza mimi nikimfundisha sabuni! Nilikuwa nimeiuliza simu, nimemuuliza muuza kemikali aliyeniuzia kostiki, nimeomba hata uongozi wa Mungu. Anayeshika sabuni hiyo kwa mikono yake sikumuuliza.

Sikuona mwanga, ndugu zangu, wala sikusikia sauti. Niliona vidole. Nikatubu pale pale kwenye vumbi, nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema Mama Wanja. "Lakini nguo za watu hazijafuliwa."

Kesho yake asubuhi nikaenda kufua, kwa sabuni ya dukani. Kwa wiki tatu nilizunguka nyumba zile kwa jina lake ili zisimwache, na malipo yakaenda kwake. Mmoja wa wenye nyumba hizo ameketi hapa. Mkewe alitoka jikoni, akanikuta nimeinama juu ya mashuka yao, akauliza, "Mwalimu, umeokoka ama umefilisika?" Nikamjibu kwamba ni yote mawili. Nilijifunza uzito wa blanketi lililolowa maji. Nilijifunza pia kwamba mgongo wangu haukuwa mzima kama nilivyodhani. Haukuwa umewahi kuulizwa.

Ile nyumba ya tano haikurudi, na siwezi kusimama madhabahuni kuisimulia kana kwamba ilirudi. Lakini zile nyingine zilimngoja. Na mikono ilipona, kwa neema ya Mungu na dawa ya kupaka kutoka kliniki.

Siku hizi tunatengeneza pamoja, kwa glavu na kwa mafuta ya kondoo. Jumamosi iliyopita nilikuwa na hakika kwamba sabuni imeiva. Nilikuwa nimehesabu wiki kwenye kalenda. Mama Wanja akaigusisha ulimi, akafikiri.

"Bado."

"Unajuaje?" nikauliza. Zamani ningempa kalenda.

"Onja."

Nikaonja. Iliniwasha kidogo sana, kidogo kiasi kwamba peke yangu ningesema ni mawazo yangu. Tukairudisha.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kiburi bila kunitoa katika udadisi, maana huo nauhitaji bado. Mwaminini, ndugu zangu! Maarifa mliyomwomba huenda ameshayaleta hadi uani kwenu, nanyi mmeyapa beseni na hotuba. Muulizeni leo mtu mmoja ambaye hamjawahi kumuuliza, kisha mnyamaze.

Mama Wanja ameketi pale, safu ya nne. Ibada ikiisha msimpungie kwa mbali. Mshikeni mkono. Hauumi tena.