Fred Nyabuto Ogoti na Ukuta wa Mama Yake

Marehemu Fred Nyabuto Ogoti alizaliwa Gesima, Kaunti ya Nyamira, tarehe 14 Machi 1984, kifungua mimba wa hayati Mzee Ogoti na Mama Roda Nyanchoka.

Alisoma shule ya msingi hapa Gesima, akamaliza darasa la nane mwaka 1999. Hakuendelea, kwa sababu baba alikuwa ameshaaga dunia na majani ya chai yalitaka mtu wa kuyachuma.

Mwaka 2006 aliajiriwa mjini Kisii na Mzee Zubair, aliyekuwa akikarabati nyumba za kupangisha. Huko alijifunza kubandua karatasi kuukuu za ukutani kwa mashine ya mvuke. Unaegemeza bamba la moto ukutani, unangoja gundi ilegee, ndipo unaanza kukwangua polepole. Marehemu hakuwa mtu wa haraka. Karatasi yake ilitoka nzima kama ganda la ndizi.

Agosti 2014, watu wa Magwagwa walikuwa waje Jumapili kuona boma kabla ya kumwoza marehemu binti yao, Mokeira. Sebule ya Mama Roda ilikuwa na karatasi iliyobandikwa na Mzee Ogoti, nyeusi kwa moshi. Ijumaa marehemu akaleta mashine. Alisahau kwamba kuta za mjini ni za simiti na za mama ni za udongo. Karatasi ilitoka vizuri, na udongo ukaifuata mpaka fito zikaonekana.

Sabato ilikuwa inakaribia, na Mama Roda ni Msabato. "Fred," mama yake alimwambia, "jua likizama hakuna kazi hapa. Na wageni sitawakalisha mbele ya shimo."

Marehemu akakunja suruali, akakanyaga udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaanza kukandika kwa mikono, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake. Majirani waliotoka kuchuma chai wakasimama uani.

"Mama Fred, kumbe ulizaa msichana ukatuficha?"

"Leteni maji, mama zangu," marehemu akajibu bila kugeuka. "Mtacheka baadaye."

Jumapili ukuta ulikuwa bado mbichi. Shangazi yake Mokeira, Mama Bonareri, aliugusa, akatazama kidole chake.

"Nani amekandika hapa?"

Mama Roda hakuficha. "Ni huyo kijana mwenyewe."

"Basi leteni chai. Huyu hataacha nyumba imwangukie msichana wetu."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2014.

Mwaka jana chakula kilianza kumkwama, na mwezi wa Oktoba daktari akasema ni kansa ya koo. Siku alizokuwa na nguvu alitembea mpaka kwa mama yake, akakaa sebuleni. Aliaga Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, Mokeira akiwa amemshika mkono.

Wiki hii wanawake walikandika nyumba ya Mama Roda upya kwa ajili ya wageni wa msiba. Upande mmoja aliwakataza wasiuguse. Alama za vidole vya mwanawe bado zipo pale, zimepinda, hazifanani na za mtu mwingine. Jana jeneza lilipitishwa hapo kwanza, ndipo likapelekwa nyumbani kwa marehemu.

Ameacha mama yake, mjane Mokeira, watoto wawili, Bravin na Bitutu, na dada zake.

Mungu amlaze kwa amani, ndugu yetu aliyeubomoa ukuta na kuusimamisha kabla jua halijazama.