Bango Alilolikata Dada Thilagavathi

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei, Bi Thilagavathi Muthaiah anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuitumikia benki hii, mingi kati ya hiyo akiwa afisa mikopo ya elimu katika tawi letu la Bodinayakanur. Anaondoka na shada la maua, saa ya ukutani tuliyomchangia, na bila kiinua mgongo chake. Chama cha wafanyakazi kimeniomba niandike jambo la kuchangamsha kwa ajili ya jarida. Nimejaribu. Wakubwa wakikwazika, mimi nipo kaunta ya pili, wanapajua.

Alianza kama karani msichana, enzi za vitabu vikubwa na wino. Alipopewa dawati la mikopo ya elimu wenzake walimpa pole, maana watu hulia pale siku ya kukopa na hulia tena siku ya kulipa. Yeye akavuta kiti, akafuta vumbi, akaanza kazi.

Dawati hilo alilitungia sheria yake. Mwanafunzi na mzazi anayemdhamini hawakupewa kalamu mpaka waseme kwa midomo yao wenyewe walichokubaliana. "Haya mwanangu," alikuwa akiuliza, "sisi tunakudai nini, na wewe unatudai nini?" Watoto wengi walijibu la kwanza tu. "Umekosea. Anza upya." Basi wakajifunza kwamba benki inawadai uaminifu: kutoa taarifa wakihama, wakiacha chuo au wakipata kazi, na kulipa hata kama chuo kiligeuka kuwa cha ovyo. Wao nao wanaidai benki nakala ya mkataba, mwaka mmoja wa kupumua baada ya masomo kabla ya marejesho kuanza, kupunguziwa kiwango mshahara ukiwa mdogo, na kuandikiwa barua kabla ya kuandamwa. Foleni ilifika kwenye ngazi. Mameneja walinung'unika kwamba hii ni benki, si shule. Dada hakuinua hata uso.

Msidhani alikuwa laini. Kuna injinia mmoja alikopa, akapata kazi nzuri Chennai, akabadilisha namba ya simu. Dada alipopata habari za harusi yake alivaa sari yake ya hariri, akapanda basi, akala wali kwenye jani la mgomba pamoja na wageni, kisha akapanda jukwaani kumpongeza bwana harusi. Alimnong'oneza sikioni, "Hongera, baba. Jumatatu nakusubiri dawatini." Bibi harusi alitabasamu bila kujua kilichosemwa. Jumatatu jamaa alikuja, tena amenyoa. Dada hakumwaibisha mbele ya mtu yeyote, na hilo ndilo lililomfanya alipe.

Kisha akaja meneja wetu wa sasa, Bwana Gnanasekar, na fikra zake mpya. Mji wetu, kama mnavyojua, hutundika nyuso za watu kwa kila jambo: harusi, mtihani, msiba. Meneja akaagiza bango la plastiki lenye picha za wanafunzi wasiolipa na wazazi wao, akalitundika ukutani nje ya tawi. Dada alimwambia waziwazi kwamba haifai, na kwamba majina hayajakaguliwa. Akajibiwa kwamba ofisi kuu inataka makusanyo.

Asubuhi ya pili yake mzee Karuppasamy alishuka kutoka mashamba ya iliki anakovuna kwa kibarua. Mzee hajui kusoma. Aliona sura ya binti yake Ponmalar, aliyekuwa amemaliza unesi karibuni, imetundikwa kubwa kuliko mlango, na yake mwenyewe pembeni. Alinunua boksi la vitamu vya laddu, akaingia ndani akigawa kaunta hadi kaunta. "Jamani, heshima gani hii mmenipa? Mtoto wa mchuma iliki mmemtundika kama binti wa mwalimu mkuu. Kuleni, kuleni." Meneja alichukua mbili, akasema, "Hongera, mzee."

Dada hakula. Alimkalisha mzee kwenye kiti cha mteja, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, pale nje hawakumpongeza mwanao. Wameandika kwamba hamlipi."

Mzee aliliweka boksi mezani. "Lakini Dada, si ulituambia mwaka mmoja baada ya masomo? Mbona hata miezi mitano haijapita?"

Dada aliinuka. Alichukua mkasi kwenye kaunta yangu, akatoka, akapanda juu ya benchi la wateja na kukata kamba zote. Meneja alimfuata akisema hiyo ni mali ya benki. "Sura ya mtoto wa mtu imekuwa mali ya benki tangu lini?" akamuuliza, huku akiendelea kukata.

Alikuwa amechelewa. Picha ilishaenea kwenye simu, na hospitali ya Madurai iliyomwahidi Ponmalar kazi ikabadili maneno. Tulimdai alipe, kisha tukamnyima kazi ya kumwezesha kulipa.

Dada alifunguliwa shauri la nidhamu kwa kuharibu mali na kuifedhehesha benki. Shauri halijafungwa, na kanuni zinasema anayestaafu katika hali hiyo kiinua mgongo chake kinazuiwa. Hela hizo zilikuwa za kuezekea nyumba yake, ambayo imesimama kuta tupu miaka minne sasa. Juzi meneja alimletea karatasi iliyokwisha chapwa. "Saini samahani hii, Dada, yaishe, Ijumaa uondoke na haki yako." Dada akamuuliza, "Na Ponmalar ameandikiwa ipi?" Meneja akaondoka.

Mwaka wa Ponmalar wa kupumua umeisha mwezi uliopita. Alikuja mwenyewe kutoka zahanati ndogo ya Theni inayomlipa kiduchu, akaomba apunguziwe kiwango, akalipa rejesho la kwanza, akadai risiti, kama alivyofundishwa. Nilimpa kwa mkono wangu. Meneja hakutoka ofisini.

Dada Thilagavathi, wenzako wa kaunta tunakushukuru. Tunakutakia afya njema, usingizi wa mchana usio na kengele, na paa juu ya nyumba yako. Karatasi ile usiisaini. Anayestahili kuisaini bado yuko kazini.