Miaka Thelathini na Mmoja ya Unywele na Msumeno wa Meza

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne ametumika fundi wetu wa mashine, na Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu anastaafu. Jina lake liko ofisini kwenye faili. Sisi tunamwita Unywele, kwa sababu kila ukimwonyesha kazi atainama, atafumba jicho moja, kisha atasema bado unywele mmoja. Nimeombwa niandike mimi makala haya ya kumuaga kwa kuwa nimekaa naye kuliko wote, na pia kwa kuwa hapa karakana hakuna anayekata mbao kama mimi. Hilo halina ubishi. Shule niliiaga mapema, lakini mkono wangu umesoma.

Alianza kama mbeba mbao. Mwaka wa pili ukaja msumeno wa meza, ule wenye miguu ya kukunja, ambao mpaka leo tunauhamisha kwa mkokoteni kutoka jengo hadi jengo. Yeye akapewa kuutunza, mimi nikapewa kuukatia. Kila ulipotikiswa njiani alisema umeumia, na haugusi mtu mpaka aupime. Anachomoa plagi kwanza na kuiweka juu ya meza, kila mtu aione. Siku moja mkubwa wa kampuni alikuja na wageni, akataka kuonyeshwa jinsi bledi, lile duara la meno linalokata, inavyobadilishwa. Unywele akachomoa plagi, akamkabidhi mkubwa aishike, na mkubwa na suti yake akasimama nayo mkononi kama aliyeshikishwa mtoto wa watu mpaka kazi ikaisha. Tulicheka wiki nzima. Lakini angalieni: miaka yote hiyo, vidole vyote vya karakana hii bado viko kwa wenyewe.

Kuna pia kisa cha mswaki. Utomvu ulikuwa umeganda kwenye meno ya bledi, akaja na mswaki kutoka nyumbani, akaisugua bledi kwa maji ya sabuni mpaka ikang'aa. Saa tano shemeji, mke wake, akatokea mlangoni, kashika kiuno, anauliza nani kauchukua mswaki wake mpya. Unywele alijificha nyuma ya mbao. Mimi ndiye niliyemtaja, na sijutii.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Zamani hizo Unywele alikuwa akipima mbele yetu sote. Anachora jino moja la bledi kwa chaki, anapima kutoka jino hilo hadi mfereji ulioko juu ya meza, halafu anaizungusha bledi mpaka jino lile lile liwe nyuma, anapima tena. Vipimo visipolingana analegeza bolti nne za chini, anagonga kidogo kwa kipande cha mti, anarudia. Bledi ikinyooka ndipo anaigeukia reli ambayo ubao huegemea. Mimi mbao zinanisubiri, jasho linanitoka kwa hasira. Nikamwambia mbele ya watu aache kubembeleza chuma, kwamba mashine niliyoiweka mimi haipotoki hata ikianguka kutoka ghorofani. Akacheka, akaiweka skwea yake ya kupimia pembe mfukoni. Tangu siku hiyo sikumwona tena akipima.

Nami kwa miaka ishirini na kitu nikawa naringa. Nasoma namba iliyochorwa kwenye reli, nawasha, nakata, fremu zinakaa kwenye pembe kama zimezaliwa pamoja. Nilimwambia kila fundi mgeni kwamba ule ni mkono wangu.

Mwezi uliopita Unywele akaanza likizo yake ya mwisho. Tukahamia jengo la zahanati, mkokoteni ukaruka mashimo yote ya njiani, nami nikasoma namba yangu, nikakata fremu kumi na nne. Ubao ukawa unabanwa, unatoa moshi, kingo zinaungua nyeusi. Nikasema mbao ni mbichi. Fremu hazikukutana hata moja. Nikasema misumari ni mibovu. Nilikuwa karibu kuulaumu ukuta, ndipo mama wa rangi, ambaye hufika mapema kuchanganya rangi zake, akaniuliza kwa upole kama sijui. Kumbe asubuhi zote hizo Unywele alikuwa anatangulia kabla yangu. Anapima, anakaza, anapaka nta ya mshumaa juu ya meza ili ubao uteleze, anafuta unga wa mbao, anaondoka kunawa. Mimi nikifika naikuta mashine imetulia, najipongeza. Na mama wa rangi alikuwa ameombwa asiseme.

Ndugu wasomaji, zile fremu mlizonisifia zilinyooshwa na Unywele. Neno hili naliandika hapa kwa sababu mdomoni lilikataa kutoka. Nilikwenda kwake mara mbili, tukaongea habari za magoti yetu, nikarudi nalo.

Asubuhi sasa karakana imekuwa pana mno. Nafika mapema, nachomoa plagi, nachora jino, napima, lakini mkono unakosea na hakuna wa kukohoa nyuma yangu, kama yeye alivyokohoa kila mtu alipokosea. Sikujua mtu anaweza kukitamani kikohozi cha mwenzake.

Msimamizi ameahidi kumpelekea nakala hii nyumbani kabla ya Ijumaa. Basi kaka, sherehe ni saa nne. Wewe njoo saa mbili, kabla hawajapanga viti. Bolti nne sijazikaza. Tangu marehemu baba sijamwomba mtu yeyote anifundishe kazi, na hapa nakuomba mbele ya wote.

Asante kwa kila asubuhi. Sisi sote tunakuombea afya, amani na usingizi mrefu. Upumzike vizuri, kaka, ila uanze baada ya saa nne.