Mama wa Kwenye Filamu

Ndani ya basi la Kibondo kwenda Kasulu, mwaka 1976, nilijifanya nimesinzia ili nisikie vizuri. Reverien, kijana wa kiti cha mbele, alikuwa akimweleza Mwamvua, muuza kanga, filamu aliyotaka kutengeneza: jinsi mama yake alivyovuka mto Malagarasi akikimbia mauaji Burundi.

"Fedha zinatosha kununua mkanda na kukodi kamera. Mwigizaji nakosa."

"Si mama yako aigize mwenyewe?"

"Yupo kijijini Heru Juu, lakini mtoni haendi tena. Mdogo wangu alizama pale."

Mwamvua alivuta furushi lake la kanga karibu. "Mwulize tu, mwanangu. Akikubali, nitamshika mkono."

"Akikataa?"

"Tutakaa naye nyumbani, atusimulie."

Basi likasimama Kasulu. Mwamvua akamkabidhi Reverien lile furushi, akauliza, "Heru Juu ni mbali?"