Kwenu Inaishaje

Ndugu, majirani, walimu wenzake na nyote mliopita mikononi mwake, familia imenikabidhi mimi, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kwenu, na inanibidi nianze na sehemu iliyo ngumu kuliko zote, yaani kuzaliwa kwake.

Kitambulisho kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1958 katika mji huu, lakini tarehe hiyo alipewa na karani wa shule siku ya kuandikishwa, na mji uliandikwa kwa sababu mama yetu alikataa nafasi ile ibaki tupu. Tunachokijua ni kwamba mwezi Agosti 1960, mama, aliyekuwa fundi cherehani akishonea kwenye baraza inayotazama kituo cha mabasi, aliombwa na msafiri mmoja amshikie mtoto wa kike wa miaka kama miwili wakati yeye anakwenda kukata tiketi, na msafiri yule hakurudi. Mama alitoa taarifa polisi, akawauliza makondakta na wachukuzi, akaendelea kuuliza hata baada ya watu kumwambia ajipumzishe. Mtoto alikuwa na maneno yake machache ambayo hakuna mtu pale kituoni aliyeyaelewa, na kufikia mwisho wa mwaka ule alikuwa ameshayasahau, anazungumza kama watoto wengine wa mtaa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965, na haikupita wiki wenzake wakampa jina la Mzigo, wakimfuata njiani na kumwimbia kwamba mwenye mzigo wake aje auchukue, kituo kinafungwa. Siku aliyorudi nyumbani analia, mama hakusimamisha hata cherehani, alimjibu tu, "Kawaambie mzigo ukishapokelewa una mwenyewe." Alikwenda akawaambia, jina halikufutika, ila tangu siku hiyo alipoitwa aliitika. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akasoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwishoni mwa 1977.

Aliajiriwa tarehe 9 Januari 1978 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na hakuhama hapo mpaka alipostaafu. Tarehe 13 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi redio, marehemu shemeji yangu, baada ya wazee wa upande wa mume kuuliza mara kadhaa kwao bibi harusi ni wapi, na mama kuwajibu kwamba kwao ni hapa walipokaa, na kama wana swali jingine waulize, chai inapoa. Walijaliwa watoto watatu, mfamasia, seremala na dereva, na wajukuu watano. Watoto hao wanakumbuka kwamba mama yao aliwasomea kila jioni na hakumaliza hadithi hata moja, na seremala anakiri alijifunza kusoma kabla ya dada yake kwa hasira tu, apate kujua mwisho.

Kutomaliza huko ndiko kulikokuwa kazi yake. Kiwanda kilileta wafanyakazi kutoka kila upande, kwa hiyo darasa lake la tatu lilikuwa na watoto wa lugha na nyumba nyingi, na wengi walikuwa wamekwisha kujifunza kuficha ya kwao ili wasichekwe. Dada alikuwa akiwasomea hadithi kutoka kitabu cha shule, akikaribia mwisho anakifunga, anawauliza, "Kwenu inaishaje?" Watoto walikwenda kuwauliza wazazi, mabibi na hata wapangaji wenzao, wakarudi na miisho ambayo haikufanana, kwa mmoja sungura ameponyoka, kwa mwingine amechapwa, kwa wa tatu hakuwa sungura kabisa bali kobe, na hapo ugomvi unaanza, huyu anadai sungura wa kwao hawezi kukamatwa kizembe hivyo, yule anamjibu kwamba wa kwenu ana bahati tu, hajakutana na fisi wa kwetu. Mzazi mmoja wa kamati ya shule alikuja kulalamika kwamba mwalimu anawagawa watoto. Dada alimkaribisha aketi dawati la nyuma asikilize, magoti yakagoma kuingia, akakaa upande, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa amenyoosha kidole kupinga, akidai fisi hakufa, na watoto wakamwambia asubiri zamu yake.

Mwaka 1994 alijiunga na darasa hilo msichana wa miaka tisa, binti wa mlinzi wa kiwanda, ambaye wenzake walimwita Kimya. Alipoulizwa kwao hadithi inaishaje, alijibu kwamba kwao hakuna. Dada, aliyeamini kwamba hakuna nyumba isiyo na hadithi, alimwambia akaulize tena, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mtoto alirudi na mwisho alioazima kwa jirani yake wa dawati, darasa likautambua, likacheka, na kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata.

Dada alikwenda kwao, chumba kimoja nyuma ya geti la kiwanda, akamkuta baba anapiga pasi sare yake ya kazi, na mtoto amegeukia ukutani. Mlinzi alimweleza bila ukali kwamba yeye alilelewa kituo cha yatima, mama wa mtoto amefariki, na akamwuliza, "Mwalimu, mimi mwenyewe kwetu sikujui, huyu nimpe nini?" Binti alikuwa amesema harudi shule, na baba hakuona la kumlazimishia. Dada, ambaye kwa miaka kumi na sita alikuwa akiwauliza watoto wa wenzake kwao ni wapi, hakuwahi kuwaambia kwamba naye kwao hakujui. Alimwomba mtoto aje siku moja tu, asikilize, asiulizwe kitu.

Siku hiyo aliingia darasani bila kitabu. Aliwasimulia habari za fundi cherehani aliyeombwa kumshikia mtu mtoto kituoni, akawatajia jina la Mzigo, akawaambia mtoto huyo ni yeye, na alipofika pale tiketi inapochelewa, akakomea hapo, akawauliza kwenu inaishaje. Kesho yake yalikuja majibu ya kila namna, msafiri amerudi analia, msafiri ameibiwa, basi limeondoka naye kwa nguvu. Kimya, ambaye hakuwa ameulizwa, alisimama mwisho wa wote, akasema kwamba kwao msafiri hakurudi, jua likazama, basi yule fundi akafunika cherehani, akamshika mtoto mkono, wakaenda kula. Dada alituambia nyumbani kwamba katika miisho yote, huo ndio pekee uliokuwa wa kweli, na mtoto yule hakuwa ameuazima kwa mtu.

Dada alistaafu tarehe 30 Juni 2018. Shinikizo la damu lilimwanza mwaka uliofuata, mwaka 2022 figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 3 Juni 2024 asubuhi alifariki katika hospitali ya mkoa, wanawe wakiwa pembeni. Siku chache kabla, nilimwuliza niandike nini kwenye kuzaliwa, akasema niache wazi, niwaulize mtakaokuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliompeleka kwa zamu bila kuombwa, walimu wenzake, na mwalimu wa sasa wa darasa la tatu, ambaye baadhi yenu mnamfahamu kwa jina la Kimya, ingawa wanafunzi wake wanasema jina hilo halimfai tena.

Nafasi ya kuzaliwa nimeiacha wazi kama alivyotaka. Nimewatazama mlivyojaa hapa, mpaka barabarani, na sikuona haja ya kuwauliza. Mzigo una wenyewe, dada. Pumzika kwa amani.