Adélaïde Ntirampeba, Aliyefariki Akingoja Hukumu

Maneno haya ni ya mume wake, Nicodème. Binti yetu Jocelyne ameyaandika, na ndiye anayeyasoma hapa mazishini. Mengi hayamo.

Marehemu Adélaïde alizaliwa tarehe 12 Machi 1959, kilima cha Ruzo, komini Giteranyi, mkoa wa Muyinga, Burundi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gasore na marehemu Mama Benitha. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hadi darasa la nne. Akaacha, mama yake alipougua na nyumba ikakosa mikono. Mwalimu alikuja kumwomba baba yake amrudishe shuleni. Baba akakataa. Adélaïde alikuwa nyuma ya mlango, akasema kwa sauti, "Mwalimu, usichoke, rudi kesho." Mwalimu alirudi kweli. Baba hakukubali, lakini mambo hayo yalisimuliwa kilimani miaka mingi.

Tulifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 15 Julai 1978. Kwetu bi harusi hasemi. Anainamisha kichwa, anaonekana mwenye huzuni, basi. Msemaji wa upande wangu, katika kusifu ukoo wao, akakosea jina la bibi yake. Sauti ikatoka ndani ya shela: "Siyo huyo." Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Shangazi yangu akaniambia, "Nicodème, umejitafutia redio." Nilikaa na redio hiyo karibu miaka arobaini na saba. Sasa nyumba imenyamaza.

Mungu alitupa watoto watatu: Dieudonné, Jocelyne na Jean-Paul.

Oktoba 1993 tulikimbia. Kabla ya mapanga yalikuja maneno. Watu walianza kuimba sokoni juu ya majirani zao, wengine wakawa wanacheka. Dieudonné alikuwa na miaka kumi na minne. Alibaki huko. Sisi tulivuka kwenda Tanzania, tukajifunza Kiswahili hiki. Tulirudi nyumbani mwaka 2004. Tukakimbia tena mwaka 2015, na mwezi wa Agosti tukapokelewa hapa Uganda, kambi ya Nakivale, tukapewa shamba upande wa Juru.

Kazi yake ilikuwa kulima maharage na mahindi. Kazi nyingine hakuna aliyempa, aliichukua mwenyewe. Ninyi mliotoka Burundi mnaijua ingobyi, machela yetu ya kusuka yenye miti miwili. Kwetu wanaume ndio wanaobeba wagonjwa. Hapa wanaume wengi huenda Kakiika, karibu na mji wa Mbarara, kutafuta vibarua, kwa hiyo mgonjwa akizidiwa mchana hakuna bega. Adélaïde akawaita wanawake. Wazee tulinung'unika. Yeye akasema, "Basi bebeni nyinyi." Tukawaacha wabebe. Warundi, Wanyarwanda na Wakongomani, wote walibebwa. Na desturi ilibaki ileile: ukikutana na ingobyi njiani, unatua mzigo wako, unatoa bega, huulizi ni nani amelala humo.

Mwanzoni mwa Novemba 2022 Aurore, binti wa jirani yetu, alifia njiani akienda kujifungua. Walimpeleka kwa baiskeli, kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Baada ya mazishi wanawake walikubaliana kwenda Base Camp, kwenye ofisi kuu ya kambi, kuomba gari linalolala Juru. Jumanne, tarehe 8 Novemba, waliondoka na ingobyi tupu mabegani. Walikuwa wachache. Lakini kila waliyekutana naye alitua mzigo akatoa bega, maana ndiyo desturi, na akishabeba anaendelea kufuata. Walipokaribia Misiera barabara ilikuwa imejaa. Nilikuwa nyuma. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakienda kimya.

Ndipo mwanamume mmoja akaanza wimbo. Ulikuwa wa kuwatukana Wakongomani, kwamba wao ndio wanaomaliza dawa. Wengine wakaitikia. Mama wa Kikongomani aliyeshika mti wa mbele akapiga kelele, "Banatutukana na tuko tunababebea mutu wabo!"

Adélaïde akasema, "Tueni." Wakatua ingobyi katikati ya barabara.

"Huo wimbo naujua," akasema. "Uliimbwa kwetu. Mmebadilisha majina tu."

Yule mwanamume akajibu, "Mama, wewe una haki ya kusema, mimi sina?" Watu wakacheka.

"Unayo. Sema gari halipo. Sema Aurore amekufa. Jirani yako mwache."

"Ni utani tu, mama."

"Hata ule ulikuwa utani, wiki ya kwanza."

Akakaa chini barabarani. Akasema hainuki mpaka mtu huyo awaombe radhi wale wanawake. Wote wakakaa. Mtu huyo yuko hapa leo. Simtaji. Aliomba radhi, ila alichelewa, na magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili.

Polisi walikuja. Wa mbele alikuwa afande Jovan, kijana mpole.

"Nyinyi mama, mbona mnakaa kwa barabara? Mkubwa iko wapi?"

"Hakuna mkubwa, afande. Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Hii kitu iko tupu."

"Tulimzika wiki iliyopita."

"Sasa mnabeba nini?"

"Nafasi yake."

Afande alitazama ile ingobyi. Akavua kofia. Kisha simu yake ikalia, akaivaa tena. "Mama, mimi nimetumwa. Twende pole pole." Alimpa maji ndani ya gari.

Ofisini walikuwa wamepanga viti vya kutupokea. Tulijua baadaye. Kama wangeuvumilia ule wimbo wakaendelea kutembea, wangefika.

Alishitakiwa peke yake, kwa kufunga barabara na kukusanya watu bila ruhusa. Mahakama ilikuwa Mbarara. Hakimu alisema naye vizuri. Alimwambia, "Mama, sheria inakuruhusu kusema na kutembea na wenzako. Lakini barabara ni ya watu wote. Ukikubali kosa, nitakupa onyo, leo unalala kwako."

Adélaïde akasema, "Nakubali nilikaa. Kama ni kosa, niambie wewe mheshimiwa, ndiyo kazi yako."

"Jibu ni ndiyo au hapana."

"Basi hapana."

Aliyemwekea dhamana ni Mama Topista wa Kakiika, tuliyekuwa tukimlimia migomba. Nje ya mahakama alimkemea kama dada. "Maama! Kubali tu yaishe! Si ni neno moja!"

"Hilo neno moja ndilo sina, Topista."

"Una kichwa kama jiwe la kusagia."

"Na wewe umeliwekea dhamana."

Wakacheka wote wawili, wakaenda kula.

Toka hapo kesi ikawa ya kuahirishwa. Shahidi hakuja, au hakimu alihamishwa na mwingine akaanza upya. Kila mara alifua gauni lake la misa, akaenda Kakiika siku moja kabla, akalala kwa Topista ili asichelewe. Watu walimwambia aache, kesi ndogo kama hiyo itajifia yenyewe. Nami nilimwambia. Alijibu, "Siogopi kuambiwa nimekosa. Nataka kuambiwa. Nikikosa nitajua ni wapi nilikosa, na wengine wajue wakae wapi." Alitaka hukumu kama mgonjwa anavyotaka jina la ugonjwa.

Mwaka jana gari la wagonjwa lilianza kulala Juru. Hakuna aliyesema limekuja kwa sababu gani. Katika sherehe ya kulipokea hakuitwa kusema. Alikaa pamoja na wanawake wengine, akapiga makofi.

Ugonjwa ulianza Aprili 2024, tumboni. Chakula kilikataa. Daktari wa Mbarara alisema ni saratani, na ilikuwa imeanza zamani. Wako wanaosema ni mawazo ya kesi. Mimi naandikisha alivyosema daktari, kwa sababu marehemu hakupenda mtu kusingiziwa. Gari la Juru lilimpeleka mara mbili, na mara zote mbili lilifika haraka. Hospitalini Jocelyne alimuuguza, na Topista alileta uji kila asubuhi. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikwenda mahakamani kwa fimbo, nimemshika mkono. Wakaahirisha mpaka tarehe 4 Machi. Akaniambia, "Nitajitahidi."

Alipata sakramenti ya wagonjwa. Alifariki hospitalini Mbarara, Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, alfajiri. Alinitazama tu, na mimi nilikuwa nimezoea aanze yeye kusema.

Jana tulipokwenda kuuchukua mwili nilipita mahakamani kuwaambia. Karani alisimama, akanipa kiti.

"Pole sana, mzee. Basi leteni cheti cha kifo, kesi itafungwa."

"Itafungwaje?"

"Mshitakiwa akifariki, inafungwa."

"Alikuwa na kosa au hakuwa nalo?"

Hakuwa mtu mbaya. "Hapo mzee hakuna jibu. Hakuna atakayelisema tena."

Tarehe 4 Machi mume wake atakwenda. Atakaa mahali marehemu alipokuwa akikaa. Akiulizwa anataka nini, atasema amekuja kusikiliza. Wakimtoa, atatoka bila kelele.

Walioshika miti ya ingobyi siku ile wako hapa. Mwenye neno na aseme, kaburi likishafunikwa. Asimtukane mtu, wala afande, wala hakimu, wala jirani. Hivyo ndivyo alivyotaka mwenyewe, hata ilipomgharimu.

Marehemu ameacha mume, Nicodème, watoto wawili, Jocelyne na Jean-Paul, wajukuu watano, rafiki yake Topista, na wanawake wa Juru waliobeba naye. Ametanguliwa na mwanawe Dieudonné.

Pumzika, Adélaïde. Mungu akupokee, akusikilize mpaka umalize.