Wazee Wawili Juu ya Baiskeli

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha karatasi, hapa kwetu Wisconsin. Nguo zikizunguka ndani, sisi tuko nje tunabishana. Kahawa tunanunua mgahawa wa jirani, chungu kama dawa, lakini tumeizoea. Jumatatu hiyo ya Oktoba alikuwepo Nukta, ambaye akishasema amefunga mjadala, alikuwepo Kipaza, ambaye hata siri huitangaza, nilikuwepo mimi, na alikuwepo Duane, ambaye Ijumaa anatimiza miaka sitini na tano. Bado yuko kazini, ila saa sita mchana alikuwa aende ofisini awaambie wamtoe kwenye bima ya kiwanda. Anahamia Medicare, bima ya serikali ya wazee wa kuanzia miaka sitini na tano, kupitia kampuni moja iliyomtumia kipeperushi. Alikuja nacho. Mbele kina picha ya mzee na mkewe juu ya baiskeli, wanacheka meno yote nje.

— Hakikisha hiyo bima inalipia meno, Kipaza alianza. Mimi nilichukua isiyo na meno, sasa mkate nauloweka kwenye kahawa.

— Wewe meno uliyamaliza kwa kufungulia chupa za bia, Nukta akamwambia, akafunga kama kawaida yake: nukta.

— Hii ina meno, ina miwani, na jimu ya mazoezi bure, Duane akasema.

— Jimu ndiyo mtego wenyewe, ndugu yangu, Kipaza akadakia. Wanakupandisha kwenye mashine ya kukimbia, wanaangalia umebakiza miaka mingapi. Wakiona unahema, wanakupandishia malipo.

— Nani kakudanganya? Duane akauliza.

— Shemeji yangu wa Green Bay. Alikimbia kidogo tu, mwezi uliofuata akaletewa barua.

— Barua ya nini?

— Hakuifungua. Aliogopa.

Nukta akatikisa kichwa.

— Nyie hamjui kitu. Hawa watu wanajua uzito wako kupitia mizani ya bafuni. Duane, si ulinunua mizani mwezi uliopita? Na kipeperushi kikaja lini?

— Mwezi uliopita.

— Haya basi.

— Kilikuja kwa sababu anafikisha sitini na tano, nikasema mimi.

— Na hilo nani aliwaambia?

Hapo nikanywa kahawa.

— Nyie bisheni tu, Duane akasema. Mimi nishaamua. Mke wangu Marlys anabadilishwa goti Januari. Picha kama hii kaibandika kwenye friji, anasema goti likipona na sisi tutatoka hivi hivi. Juzi kanivuta mpaka dukani kuchagua baiskeli. Yake ya bluu. Kwa lile goti alipanda ngazi za duka kwa kukaa kila hatua, na bado anacheka.

Mama mmoja tusiyemjua alikuwa ametoka na kikapu cha nguo mbichi, amekaa mwisho wa benchi akisubiri mashine ya kukaushia.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Huyo mkeo ana miaka mingapi?

— Hamsini na tisa.

— Na sasa hivi anatibiwa kwa bima ya nani?

— Yangu. Ya kiwandani.

— Sasa wewe ukitoka huko ukaingia ya wazee, yeye goti atalifanya kwa bima gani?

Nikamtazama Nukta, Nukta akamtazama Kipaza. Tulikuwa tumejadili meno ya Duane, macho ya Duane na uzito wa Duane, na Marlys hakuna aliyemfikiria. Niliona aibu kweli.

Duane alikigeuza kipeperushi, akakigeuza tena.

— Kwenye picha wako wawili, akasema.

— Wa kwenye picha wote ni wazee, baba, yule mama akamjibu taratibu.

Duane akasimama, akakiacha kipeperushi pale benchi.

— Saa sita bado, Nukta akamwambia.

— Ofisini siendi tena. Nabaki na ya kiwanda mpaka yeye naye afikishe sitini na tano. Nitafanya kazi.

— Miaka sita, Duane? Kipaza akauliza. Na meno je?

— Mkate nitauloweka, kama wewe.

Kipaza hakucheka. Alimpa kahawa yake anywe njiani.